Suke Linalosimama Wima: Upungufu wa Shaba Katika Mashamba ya Ngano Nakuru

Mkulima mzoefu wa ngano hulitambua suke lililojaa akiwa mbali. Wiki chache kabla ya kombaini kuingia shambani, suke hilo huanza kuinama kwa uzito wa punje. Suke tupu halina uzito wa kuliinamisha. Hubaki limesimama wima, jeupe au la kijivu, na likipondwa kiganjani hutoa makapi na punje mbili tatu zilizosinyaa.

Mkulima anayeona hali hiyo kwa kawaida hulaumu mvua, baridi ya usiku au mbegu aliyouziwa. Wengine huamua kuongeza mbolea ya kukuzia msimu unaofuata. Katika sehemu kadhaa za Kaunti ya Nakuru, hata hivyo, kuna chanzo kingine kilichofanyiwa utafiti tangu miaka ya 1960, nacho ni upungufu wa madini ya shaba, yale ambayo wauzaji wa agroveti huyaita kopa. Upungufu huu hauondolewi na DAP wala CAN. Mbolea ya nitrojeni inapoongezwa katika shamba lenye shaba kidogo, hasara inaweza hata kuongezeka.

Makala haya yanaeleza shaba hufanya kazi gani katika ngano, kwa nini udongo wa eneo hili huikosa, dalili zake ni zipi, na hatua ambazo mkulima anaweza kuchukua kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Virutubishi vidogo ni nini?

Mmea wa ngano huhitaji virutubishi vya aina mbili. Kuna vile unavyovitumia kwa wingi, kama nitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo ndivyo vinavyojaza magunia ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Kuna pia vile unavyovihitaji kwa kiasi kidogo sana, ambavyo ni pamoja na shaba, zinki, boroni, manganizi, chuma na molibdeni.

Neno "vidogo" linahusu kiasi tu. Gunia moja la ngano la kilo 90 huwa na karibu kilo 2 za nitrojeni ndani ya punje zake, lakini shaba iliyomo haizidi sana nusu gramu. Ekari inayotoa magunia 20 huondoa shambani takriban gramu 10 za shaba kupitia punje, uzito unaokaribia ule wa sarafu mbili za shilingi moja. Hata hivyo, gramu hizo chache zikikosekana, kilo zote za nitrojeni zilizowekwa huishia kwenye majani na mabua.

Sababu ni kwamba shaba ina kazi ambayo kirutubishi kingine hakiwezi kuifanya. Ngano huihitaji ili kutengeneza chavua, ule unga wa ua unaorutubisha suke. Shaba ikipungua, chavua huwa dhaifu au hufa. Suke huchanua, lakini punje haziungi. Shaba pia husaidia kukaza mabua, na bua lililokosa shaba huwa laini na huanguka kwa urahisi upepo unapovuma.

Ndiyo maana hasara hii humshtua mkulima. Shamba linaweza kuonekana zuri, la kijani na lililojaa tangu kuota hadi karibu na kuchanua, na ukweli ukajulikana siku ya kuvuna tu.

Kwa nini Nakuru?

Jibu liko kwenye milima ya volkano iliyomo katika kaunti hii. Menengai, Eburru na Longonot zilitapika majivu na mawe mepesi ya pamisi yaliyofunika sehemu kubwa ya sakafu ya Bonde la Ufa na miteremko yake. Udongo mwingi wa Njoro, Rongai, Gilgil na baadhi ya maeneo ya Mau umetokana na majivu hayo.

Mawe ya volkano hayafanani. Basalti, lile jiwe jeusi na zito, huwa na shaba nyingi kwa kiasi. Menengai imejengwa zaidi na jiwe la aina ya trakiti, ambalo shaba yake ni kidogo. Udongo uliozaliwa na mawe na majivu ya aina hiyo huanza maisha yake ukiwa na akiba ndogo, hata kama ni mwepesi kulima na hupitisha maji vizuri.

Katika nyanda za juu, kama Mau Narok, kuna sababu ya pili. Udongo wa baridi na wenye mboji nyingi huishika shaba kwa nguvu. Madini yanaweza kuwemo ardhini, lakini mizizi isiweze kuyachukua.

Sababu ya tatu ni kilimo chenyewe. Ngano imelimwa eneo la Njoro tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kituo cha kuzalisha mbegu zake kilianzishwa hapo mwaka 1927. Kituo hicho sasa ni sehemu ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO. Kila mavuno huondoa shaba kidogo, na mbolea za kawaida za magunia hazikutengenezwa ili kuirudisha.

Tatizo hili si geni kwa wanasayansi. Mwaka 1967 jarida la kimataifa la sayansi ya udongo lilichapisha utafiti wa A. Pinkerton kuhusu upungufu wa shaba katika ngano ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Kwingineko duniani, umuhimu wa shaba kwa mimea ulikuwa umethibitishwa mwaka 1931, na wakulima wa ngano wa Australia walikuwa miongoni mwa wale walionufaika kwa kuiweka katika mashamba yaliyokuwa hayazai vizuri.

Wafugaji wa eneo hili nao waliwahi kukutana na tatizo la jamii hiyo. Zamani ng'ombe waliolishwa katika baadhi ya malisho ya Nakuru walikonda na kudhoofika ingawa nyasi zilikuwepo. Uchunguzi ulionyesha kuwa nyasi hizo zilikosa madini ya kobalti. Ugonjwa huo uliingia katika vitabu vya mifugo duniani kwa jina la "Nakuruitis". Ni ukumbusho kwamba udongo unaoonekana mzuri kwa macho unaweza kukosa kitu kidogo chenye uzito mkubwa.

Dalili shambani

Shaba haisafiri kwa urahisi ndani ya mmea kutoka majani ya zamani kwenda majani mapya. Kwa hiyo dalili za kwanza hujitokeza kwenye majani machanga, yale ya juu. Mkulima anayekagua shamba anashauriwa kutazama mambo yafuatayo:

- Ncha za majani machanga hubadilika kuwa nyeupe au kijivu, hukauka, kisha hujisokota kama uzi.
- Jani hukunjika katikati au hushindwa kufunguka vizuri.
- Mmea hunyauka mapema jua linapokuwa kali, hata kama udongo una unyevu.
- Suke huchelewa kutoka, au hukwama na kutoka likiwa limepinda.
- Masuke huwa meupe, matupu kabisa au yaliyojaa nusu tu.
- Machipukizi mapya hutoka chini ya mmea wakati ngano nyingine tayari inakomaa, hivyo shamba hukauka bila mpangilio.

Dalili hizi mara nyingi huonekana kwa mabaka. Sehemu moja ya shamba huathirika huku nyingine, hatua 20 tu kutoka hapo, ikijaza vizuri. Mabaka hayo hufuata mabadiliko ya udongo, na kwa kawaida hurudi mahali pale pale kila ngano inapopandwa.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Upungufu ukiwa wa wastani, majani yanaweza yasionyeshe lolote. Mavuno hupungua kimyakimya, mkulima akavuna magunia machache kuliko alivyotarajia na asijue sababu.

Si kila suke jeupe limekosa shaba

Kabla ya kununua dawa au mbolea yoyote, ni muhimu kutofautisha upungufu huu na matatizo mengine yanayofanana nao.

Baridi kali ya usiku, ambayo wakulima wa Mau Narok na Molo wanaifahamu vizuri, huweza kuua maua ya ngano na kuacha masuke meupe. Baridi hiyo hufuata mabonde na sehemu za chini ambako hewa baridi hutulia, na madhara yake huonekana siku chache baada ya usiku mmoja au mawili mabaya.

Kutu ya shina, ambayo wengi huiita rasti, huacha vipele vyenye unga mwekundu wa kutu kwenye bua na majani. Unga huo hushika kidoleni ukipanguswa. Aina yake ya Ug99, iliyotambuliwa nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, imewasumbua wakulima wa Kenya kwa muda mrefu. Shaba haitatibu kutu hiyo. Inahitaji mbegu zinazostahimili na dawa ya ukungu kwa wakati ufaao.

Ugonjwa wa kuoza mizizi nao hufanya masuke kuwa meupe. Mkulima aking'oa mmea, ataona mizizi na sehemu ya chini ya bua zimekuwa nyeusi na mmea unatoka ardhini kwa urahisi.

Ukame huathiri eneo pana na huanza na majani ya chini, ya zamani. Upungufu wa shaba huanza juu.

Boroni pia ikikosekana inaweza kuacha masuke bila punje. Kwa sababu hii macho peke yake hayatoshi. Dalili humpa mkulima shaka, na maabara ndiyo humpa jibu.

Pima kwanza

Kupima udongo ni gharama, lakini kununua kitu ambacho shamba halikihitaji ni gharama kubwa zaidi. Mkulima anaweza kupata ushauri wa kupima kupitia ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo, afisa wa kilimo wa wadi, kituo cha KALRO Njoro au Chuo Kikuu cha Egerton. Pia kuna maabara za kibinafsi. Jambo la muhimu ni kuuliza mapema kama kipimo kinajumuisha virutubishi vidogo, kwa kuwa vipimo vingi vya bei ya chini huishia kwenye tindikali ya udongo, nitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Sampuli ikichukuliwa vibaya, majibu yatakuwa mabaya pia. Utaratibu ufaao ni huu:

1. Gawa shamba kulingana na udongo na historia yake. Mteremko, bonde na sehemu yenye mabaka vichukuliwe kila kimoja peke yake.
2. Chukua udongo kutoka sehemu 10 hadi 20 kwa kutembea kwa mkato wa zigizagi. Chimba hadi kina cha sentimita 20.
3. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya mabati imepakwa zinki, na zinki hiyo ikiingia kwenye sampuli itadanganya maabara. Vifaa vya shaba navyo visitumike.
4. Changanya udongo wote wa sehemu moja, kisha toa karibu nusu kilo. Anika kivulini, tia kwenye mfuko safi na uandike jina la shamba, sehemu na tarehe.
5. Epuka kuchukua udongo mahali palipolundikwa samadi au mbolea, kando ya ua au palipochomwa takataka.

Kwa shaba, kipimo cha majani hutoa picha bora kuliko cha udongo peke yake, kwa sababu kinaonyesha kile ambacho mmea umefaulu kuchukua. Majani machanga yaliyofunguka kabisa, kama 50 hivi, huchumwa kabla ya bua kuanza kurefuka na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi. Majani yaliyonyunyizwa dawa yenye shaba yasitumike, kwani kipimo kitasoma dawa iliyobaki juu ya jani.

Maabara ipewe pia historia ya shamba. Ngano huathirika na ukosefu wa shaba kuliko mazao mengi, kwa hiyo shamba lililotoa viazi au mahindi mazuri linaweza kuangusha ngano. Kwa upande mwingine, shamba la viazi ambalo kwa miaka mingi limenyunyiziwa dawa ya ukungu yenye shaba huenda lina akiba ya kutosha, na kuongeza nyingine kukawa ni kutupa pesa.

Majibu yakithibitisha upungufu

Zipo njia mbili kuu za kuipa ngano shaba.

Njia ya kwanza ni kunyunyizia majani. Ndiyo ya haraka, na huwafaa wakulima ambao tayari wana ngano shambani. Bidhaa zinazotumika ni pamoja na oksikloraidi ya shaba, ambayo wakulima wengi wanaijua kama dawa ya ukungu ya kahawa na nyanya, na mbolea za majani zenye shaba. Salfeti ya shaba nayo hutumika, lakini inaweza kuunguza majani na kula sehemu za chuma za bomba, kwa hiyo inahitaji uangalifu zaidi.

Viwango vinavyotumika sana duniani kwa kunyunyizia ngano ni kati ya gramu 100 na 300 za shaba halisi kwa hekta, sawa na gramu 40 hadi 120 kwa ekari. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko gramu 10 zinazoondolewa na punje kwa kuwa si shaba yote inayotua kwenye jani huingia ndani ya mmea.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Shaba halisi si sawa na uzito wa paketi. Ikiwa lebo inasema bidhaa ina shaba asilimia 50, gramu 200 za bidhaa hiyo zina gramu 100 za shaba. Ikiwa ni asilimia 5, bidhaa mara kumi zaidi itahitajika kupata kiasi kile kile. Mkulima alinganishe bei za bidhaa kwa shaba iliyomo, si kwa ukubwa wa chupa wala uzuri wa picha iliyo juu yake. Kipimo cha mwisho kifuate lebo na ushauri wa afisa wa kilimo.

Wakati wa kunyunyizia una uzito sawa na kipimo. Chavua hutengenezwa kabla suke halijaonekana, likiwa bado limefichwa ndani ya bua. Kwa hiyo shaba inapaswa kufika mwishoni mwa kipindi cha kuchipua matawi ya pembeni au bua linapoanza kurefuka. Katika mashamba yenye upungufu mkubwa, mnyunyizo wa pili unaweza kuhitajika kabla suke halijachomoza. Anayesubiri hadi masuke yawe meupe ndipo akimbilie agroveti atakuwa amechelewa, kwa kuwa hakuna dawa itakayorudisha punje ambazo hazikuunga.

Mnyunyizo ufanywe asubuhi au jioni, wakati hakuna upepo mkali wala mvua iliyo karibu. Shaba isichanganywe ovyo ndani ya bomba moja na dawa ya magugu au nyingine yoyote ambayo lebo yake haikuruhusu.

Njia ya pili ni kuiweka kwenye udongo kabla ya kupanda. Salfeti ya shaba, ambayo robo ya uzito wake ni shaba halisi, ndiyo iliyozoeleka. Viwango vya kawaida ni kilo 2 hadi 5 za shaba halisi kwa hekta, yaani takriban kilo 3 hadi 8 za salfeti kwa ekari, ikisambazwa sawasawa na kuchanganywa na udongo. Gharama ya mwanzo ni kubwa, lakini shaba haioshwi na mvua kwa urahisi na inaweza kuhudumia shamba kwa misimu mingi. Katika udongo wenye mboji nyingi sana, ambao huifunga shaba, kunyunyizia majani kunaweza kuwa njia ya uhakika zaidi.

Zaidi si bora

Ile sifa inayofanya shaba idumu ardhini ndiyo inayofanya makosa yake yasifutike. Ikizidi, huwa sumu kwa mizizi na kwa viumbe wadogo wanaorutubisha udongo, na hakuna njia rahisi ya kuiondoa. Mkulima aliyeweka shaba ya kutosha kwenye udongo hapaswi kurudia kila msimu bila kupima.

Wafugaji wa kondoo wanahitaji tahadhari ya pekee. Kondoo huathirika na shaba nyingi kuliko ng'ombe, na sumu hiyo hujikusanya kwenye ini kabla ya dalili kuonekana. Wasilishwe kwenye shamba lililonyunyiziwa karibuni, na mifuko au maji ya kuoshea bomba yasiachwe wanapoweza kuyafikia. Anayenyunyizia avae glavu, kinga ya macho na ya mdomo, na maji ya kuoshea bomba yasimwagwe mtoni wala kwenye kidimbwi.

Virutubishi pia huathiriana. Zinki nyingi huweza kuzuia ngano kuchukua shaba. DAP inayowekwa kwa wingi mwaka baada ya mwaka huongeza fosforasi, na fosforasi nyingi huweza kuleta njaa ya zinki, ambayo hufanya mimea kudumaa na majani kuwa na michirizi iliyopauka. Chokaa ya shambani, inayosaidia sana kupunguza tindikali katika udongo, ikizidishwa hufanya shaba, zinki na manganizi kuwa vigumu kupatikana.

Hii haina maana kwamba mkulima aache DAP, CAN au chokaa. Ngano haiwezi kujaza bila nitrojeni na fosforasi. Maana yake ni kwamba virutubishi hivi hufanya kazi pamoja, na mavuno husimama pale ambapo kile kilicho kichache zaidi kimekomea. Mnamo Agosti 2023, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ya serikali ulipunguzwa bei hadi Sh2,500. Nafuu hiyo hupotea kama mbolea inazalisha mabua yasiyo na punje.

Jaribu kipande kwanza

Hata baada ya majibu ya maabara, wataalamu wa kilimo hupendekeza kuanza na kipande kidogo. Mkulima mwenye ekari kumi anaweza kunyunyizia ukanda mmoja unaopita katikati ya sehemu nzuri na yenye mabaka, na kuacha ukanda wa kando yake bila kitu. Kila kitu kingine, yaani mbegu, mbolea, dawa ya magugu na siku ya kupanda, kibaki sawa.

Wakati wa kuvuna, eneo la ukubwa ule ule katika kila ukanda likatwe, lipurwe na kupimwa kwenye mizani. Tofauti ya uzito ikizidishwa kwa bei ya ngano na kutolewa gharama ya shaba na kibarua, mkulima atajua kama inamlipa. Kama tofauti haipo, ametumia pesa za ukanda mmoja badala ya ekari kumi.

Majirani wanaolima udongo wa aina moja wanaweza kushirikiana katika jaribio kama hilo kupitia kikundi au chama chao cha ushirika, na kumwalika afisa wa wadi kushuhudia upimaji.

Wakati wa kununua, lebo isomwe kwa makini. Iwe na jina la mtengenezaji, asilimia ya kila kirutubishi, tarehe ya kuisha muda na alama ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, panapohitajika. Dawa za ukungu zinapaswa kuwa na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB. Risiti itunzwe hadi mavuno, kwani bila risiti ni vigumu kufuatilia malalamiko.

Jambo la mezani pia

Kenya hula ngano nyingi kuliko inayozalisha, na sehemu kubwa ya unga wa chapati, mandazi na mkate hutokana na ngano iliyoagizwa kutoka nje. Bei inapopanda katika masoko ya dunia, mkazi wa Nakuru ambaye hajawahi kukanyaga shamba huihisi dukani. Kila gunia linalopatikana Njoro au Mau Narok kutoka kwenye ardhi ile ile na mvua ile ile ni gunia ambalo halikuhitaji kusafirishwa kwa meli.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za kilimo ni jukumu la kaunti, na kila mkulima anaweza kuomba ushauri wa afisa wa kilimo, awe na ekari moja au mia moja. Anayepanga kupanda ngano msimu ujao anashauriwa kufanya mambo matatu kabla ya kununua mbolea: akumbuke ni wapi masuke yalisimama wima msimu uliopita, achukue sampuli mahali hapo, na aipeleke ikapimwe mapema. Majibu yakifika trekta likiwa bado halijaingia shambani, atakuwa na nafasi ya kuchagua kuweka shaba kwenye udongo, kunyunyizia majani au kuziacha pesa zake mfukoni.